Akwariumu nyumbani: kipimo cha maji, nani anakipima?

Kila mwenye kufuga samaki ndani ya kioo anajua hali hii, ao ataijua siku moja. Asubuhi unakuta samaki wawili wanaelea tumbo juu. Wenye wamebaki wako juu kabisa ya maji, wanapumua mbio mbio. Unakimbilia boksi ya vipimo, unajaza kichupa, unahesabu matone, unangoja. Rangi inabaki njano tupu: amoniaki ni zero. Basi unaanza kutafuta kisababu upande mwingine: chakula, ugonjwa, dawa ya mbu yenye ilipulizwa jana jioni. Kisha siku tatu, akwariumu yote imekwisha. Kumbe sumu ilikuwa ndani ya maji tangu mwanzo. Wa kwanza kufa hakuwa samaki, ilikuwa ile dawa ya kupimia.

Juu ya namna ya kupima maji, watu wanasema mengi. Juu ya namna ya kupima kipimo chenyewe, wanasema kidogo sana. Na huku kwetu jambo hili linaomba uangalifu kuliko kwa mufugaji wa Brussels ao wa Berlin, mwenye kushuka tu mpaka dukani na kurudi na boksi ingine. Kwetu boksi inafika ndani ya valizi ya ndugu, ao inapita Dubai, Nairobi ao Kigali, inalala ndani ya depo yenye mabati, inapigwa na jua juu ya gari, na siku unainunua haujui imekula miezi mingapi ya joto. Muuzaji atakuambia tu: « Papa, hii ni mupya, angalia, boksi haijafunguliwa. » Haijafunguliwa, ndiyo. Lakini joto haliombi ruhusa ya kufungua boksi.

Kosa dogo, hatari kubwa

Amoniaki inatoka ndani ya mashavu ya samaki, ndani ya mavi yao, na ndani ya chakula chenye kimeoza chini ya changarawe. Ndani ya akwariumu yenye imekomaa, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Akwariumu mpya inaomba majuma manne mpaka sita mbele bakteria hao wawe wengi vya kutosha. Na kila delestaje yenye kusimamisha pompi kwa saa nyingi inarudisha kazi nyuma, juu wale bakteria wa filtre wanaishi kwa oksijeni sawa na sisi. Kwa hiyo hapa kwetu hata akwariumu ya miaka miwili haijavuka mto: usiku mmoja bila umeme, na amoniaki inaweza kupanda tena.

Vipimo vyetu vinahesabu amoniaki yote kwa pamoja. Lakini ndani ya maji iko na sura mbili. Moja, amoniumu, haina ukali mwingi. Ingine, amoniaki yenyewe, ndiyo inaunguza mashavu ya samaki. Chenye kinagawanya hizo mbili ni pH, na joto pia kwa sehemu. Kwa maji ya digrii 25, pH ikiwa 7, ile yenye sumu haifiki hata moja juu ya mia. pH ikiwa 8, ni karibu tano juu ya mia. pH ikiwa 9, inapita thelathini na tano juu ya mia.

Weka sasa hesabu hiyo juu ya samaki wa inchi yetu. Tetra wa Kongo, Phenacogrammus interruptus, ni samaki wa mito ya bonde la Kongo. Maji yake ni laini, yenye kuelekea uchachu kidogo. Tropheus, Neolamprologus na Cyphotilapia frontosa ni watoto wa Ziwa Tanganyika, kwenye pH iko kati ya 8,6 na 9,2. Tuseme kipimo kinaonyesha miligramu 0,25 kwa lita, ile hatua ya kwanza ya kijani juu ya karatasi ya rangi. Kwa tetra, katika maji yake ya kweli, hakuna cha kuogopa siku hiyo. Kwa Tropheus ndani ya pH 9, hiyo ni karibu miligramu 0,09 ya sumu, na wafugaji wengi wanachukua 0,02 kuwa mpaka. Hatua ya kwanza tu, na tayari umepita mpaka mara ine.

Njo maana kwa mwenye kufuga samaki wa ziwa, tofauti kati ya njano tupu na njano yenye kugusa kijani inaamua kama utalala ao utabadilisha maji usiku ule ule. Na tofauti hiyo ndogo ndiyo inapotea kwanza wakati dawa inazeeka.

Kwa kupita: samaki hao walianza kusafiri kwa wingi miaka ya 1970, wakati Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa anawatuma Ulaya na Amerika toka Bujumbura. Neolamprologus brichardi, aliyeandikwa na mtaalamu Max Poll mwaka wa 1974, amebeba jina lake mpaka leo. Nusu karne imepita, na unaweza kumkuta mufugaji wa Ujerumani mwenye kujua kwa kichwa namba za maji ya Tanganyika, wakati mutu wa Uvira mwenye kuoga ndani yake kila jioni hajaziuliza hata siku moja. Tutarudi kwenye ziwa, juu linaweza kutusaidia.

Yenye inaua dawa ya kupimia

Joto ndilo la kwanza. Kipimo cha amoniaki cha kawaida, kile chenye kutoka njano kwenda kijani, kinafanya kazi na salisilati pamoja na klori. Ndani ya moja ya zile chupa ndogo kuna kitu cha jamaa moja na maji ya javeli. Mama wote wa nyumba wanajua: javeli yenye ilikaa mwaka mzima dirishani hainuki tena, na haitoi madoa tena. Ile ile hali inafika ndani ya kichupa. Klori ikiisha, rangi ya kijani haiwezi kuzaliwa, hata kama maji yamejaa amoniaki. Utaona njano, na utafurahi bure.

Karibu kila mutu anaweka boksi yake pahali pabaya kuliko pote: juu ya akwariumu, pembeni ya taa. Pale kuna joto la taa, mwangaza na mvuke, vyote vitatu pamoja. Iweke chini kabisa ndani ya kabati ya chumba chenye baridi, chupa zimesimama wima, boksi imefungwa. Watu wananiuliza juu ya frigo. Sioni faida yake: vipimo vingi vimetengenezwa kukaa kwa joto la kawaida la nyumba, frigo yetu inazima na kuwaka kufuatana na umeme, na tena hizi ni sumu. Kuziweka pembeni ya nyanya na maziwa ya mtoto si akili. Mwenye kukaa kwenye joto, Kalemie ao Uvira, anaweza kuziweka ndani ya chungu cha udongo kikavu chenye mfuniko, kwenye kona yenye jua halifike. Inatosha.

Vikaratasi vya kuchovya, vile wengine wanaita bandeleti, adui wao ni unyevu. Kila mara unafungua kopo lake, hewa ya chumba inaingia, na musimu wa mvua hewa hiyo ni nusu maji. Usichukue kimoja na vidole vyenye maji. Usitupe kile kifuko kidogo chenye kunyonya unyevu. Na usikubali muuzaji akuhesabie vikaratasi kumi ndani ya sashe: vikitoka ndani ya kopo lake, siku zake zinahesabika. Kama mipaka ya zile rangi ndogo imeanza kumwagikana, ao vipande vyenye vilikuwa vyeupe vimekuwa krimu, tupa. Mimi nasema wazi: kwa samaki wa Tanganyika, vikaratasi ni vya kukonyeza jicho tu. Kwa kuamua, tumia matone.

Vizibo pia. Mutu anapima nitriti, umeme unakatika, anafunga chupa gizani, kizibo cha namba moja kinaenda juu ya chupa ya namba mbili. Tone moja lenye kubaki ndani ya kizibo linatosha kuharibu chupa nzima pole pole. Fungua chupa moja, tumia, funga, ndipo ushike ingine.

Juu ya tarehe: kampuni zingine zinaandika siku ya mwisho, zingine zinaficha mwezi na mwaka wa kutengenezwa ndani ya namba ya kundi, ile lot. Soma karatasi ya ndani mbele ya kulipa. Lakini tarehe ya kiwanda inahesabu maisha ya chupa yenye imetunzwa vizuri. Kata skochi, chukua biki, andika juu ya kila chupa siku umeifungua. Kwa joto letu, chupa ya amoniaki yenye imepita mwaka toka kufunguliwa mimi naichukua kama mushahidi mwenye alishakunywa: naweza kumusikiliza, lakini naomba mwingine athibitishe.

Kila kipimo na tabia yake

Nitrati ndiyo inadanganya watu wengi. Ndani ya chupa ya pili kuna unga mzito wenye kulala chini, kwa kawaida metali kama zinki, wenye kazi ya kugeuza nitrati kuwa nitriti ili rangi nyekundu itokee. Bila kutikisa, unatoa maji tu bila unga, na kipimo kinasema tano wakati maji yana sitini. Maagizo yanaomba kutikisa chupa nusu dakika, kisha kichupa dakika nzima. Watu wanatikisa mara tatu kama vile chupa ya pilipili. Hapana. Gonga chupa juu ya kiganja, tikisa mpaka mukono uchoke, na kama ilikaa miezi bila kutumiwa, ongeza dakika ingine. Na kuna jambo moja lenye haliponi: kama nusu ya kwanza ya chupa ilitumiwa bila kutikiswa, unga wote umebaki ndani ya nusu ya pili. Hata ukitikisa namna gani sasa, kipimo hakitakuwa sawa tena. Nunua ingine.

Tena juu ya nitrati: angalia karatasi inahesabu nini. Zingine zinahesabu nitrati nzima, zingine azoti tu yenye iko ndani, yenye kuandikwa N-NO3. Kumi ya azoti ni sawa na arobaini na ine ya nitrati. Watu wawili wanaweza kugombana mpaka usiku juu ya akwariumu moja, na wote wawili wamesoma vizuri.

Kwa amoniaki kuna dawa ya zamani pia, ya Nessler, mkemia wa Ujerumani wa karne ya 19. Hiyo inatoka njano kwenda rangi ya chungwa, inajibu haraka, lakini iko na zebaki ndani, na maji magumu kama yale ya Tanganyika yanaweza kuifanya iwe na ukungu, ushindwe kusoma. Kwa samaki wa ziwa, chagua ya salisilati. Lakini hiyo inaomba subira. Muda wenye umeandikwa juu ya boksi umefanywa kwa maji ya joto la nyumba. Bukavu, saa kumi na mbili asubuhi, maji ya baridi yanachelewesha rangi. Mwenye kusoma mbele ya wakati ataona zero. Acha kichupa kipate joto la chumba kwanza, kisha hesabu dakika kwa saa ya simu, si kwa kukisia.

pH ya matone iko na mtego wake: rangi ya mwisho. Vipimo vingi vya pH ya juu vinaishia 8,8. Maji yako yakiwa 9,1, karatasi haina pahali pa kuyaonyesha, na wewe utaandika 8,8 ukidhani umepima. Ukiona rangi ya mwisho, sema « 8,8 ao zaidi », na kwa hesabu ya amoniaki chukua kwamba ni 9.

KH na GH ni za kuhesabu matone mpaka rangi igeuke, tone moja digrii moja kwa kichupa cha mililita tano. Hapa ukubwa wa tone ndio kila kitu. Chupa ikilala upande, matone yanakuwa manono ao madogo, na hesabu inaharibika. Shika chupa wima kabisa, kichwa chini, toa hewa kwanza, kamua pole pole. Na usiamini mstari wa kichupa kama umefutika: pima mililita tano na seringi mpya ya farmasi. Ukitia mililita kumi, kila tone linakuwa nusu digrii, na usahihi unaongezeka mara mbili. Feza kidogo, faida kubwa.

Kupima kipimo

Hapa ndipo kazi yenyewe iko, na haiombi laboratwari. Inaomba kitu chenye unajua jibu lake mbele ya kupima.

Anza na zero. Tafuta maji ya distile, yale ya kuongeza ndani ya batri ya gari. Sema vizuri dukani, juu kuna wenye kukuuzia asidi ya batri ndani ya chupa yenye kufanana, na hiyo inaunguza mukono na macho. Pima amoniaki, nitriti na nitrati ndani ya hayo maji. Zote tatu zinapaswa kuonyesha rangi ya zero. Kama kuna kijani ao waridi, basi vichupa vyako ni vichafu ao dawa imeharibika. Osha vichupa kwa maji safi tu, bila sabuni ya unga, na rudia.

Kisha kinyume chake: kipimo kinaweza kuona? Chukua glasi ya maji, tia punje chache za chakula cha samaki, acha ioze siku tatu ao ine. Pima amoniaki. Inapaswa kuwa kijani bila kubishana. Kama inabaki njano na glasi inanuka, chupa zako zimekufa, hata kama tarehe inasema bado. Hii haikupatie namba, inakuambia tu kama dawa iko hai. Lakini ingeokoa samaki wengi.

Kwa KH unaweza kupata namba ya kweli. Nunua bikarbonati ya soda kwenye farmasi. Pima gramu tatu. Mizani ya jikoni haitoshi. Lakini miji yetu iko na watu wenye mizani ya kugawanya gramu vipande mia: wanunuzi wa dhahabu. Muombe mumoja kwa heshima, hatakukatalia. Yeyusha hizo gramu tatu ndani ya lita moja ya maji ya distile. Hiyo ni digrii 100 za KH. Vuta mililita tano na seringi, ongeza maji ya distile mpaka ifike mililita 100: umepata digrii tano kamili. Pima. Matone matano, vizuri. Ine ao sita, unaweza kuvumilia, na ujue kipimo chako kinavuta upande gani. Nane? Tupa. Ile chupa ya lita moja, ikiwa bado mpya, itakusaidia pia kuangalia pH: inapaswa kuonyesha kati ya 8 na 8,4.

Na mwenye kukaa kando ya Tanganyika hana hata haja ya mizani. Ziwa lenyewe ni kipimo. Kina chake kinafika metre 1 470, ni la pili duniani kwa kina, na maji mengi namna hiyo hayageuke tabia toka mwaka mmoja mpaka mwingine. Enda Uvira, Baraka, Kalemie ao Moba, mbali na midomo ya mito na mbali na pahali mama wanafulia, chota chupa moja. KH yake inapaswa kuwa kati ya 16 na 19. Ukihesabu matone kumi ao ishirini na tano, ziwa halijakosa, wewe ao dawa yako ndio mumekosa. GH yake iko chini ya KH, karibu 11. Wengi wanadhani hiyo ni alama ya kipimo kibaya, kumbe ni tabia ya kweli ya maji hayo, yenye magneziamu na sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo. Sehemu kubwa ya chumvi hizo inaletwa na Ruzizi toka Ziwa Kivu.

Kwa nitrati na nitriti, tumia hesabu ya nusu. Pima maji ya akwariumu. Kisha changanya kiasi sawa cha hayo maji na maji ya distile, pima tena. Ya kwanza ikiwa 40, ya pili inapaswa kuwa karibu 20. Kama imebaki 40 ao imeanguka kwenye zero, usiamini hata moja kati ya hizo mbili. Njia hii inasaidia pia wakati rangi ni nyekundu sana mpaka hauwezi kutofautisha 80 na 160: punguza na maji, soma, kisha zidisha.

Namna ingine, ya wenye kupanga mambo mbele: usingoje boksi ya zamani iishe kabisa. Fungua mpya wakati ya zamani iko bado na matone kumi, pima maji mamoja na zote mbili siku moja. Utajua kama namba za miezi yenye imepita zilikuwa za kweli.

Wenye kutumia kalamu ya umeme ya pH wasijione wamepona. Hiyo nayo inaomba kurekebishwa, na vile vifuko vya unga vyenye kuja nayo ndivyo kazi yake, si mapambo. Watu wengi wanarekebisha na 4,00 na 6,86, juu ndiyo ya kwanza ndani ya boksi. Kwa maji ya Tanganyika tumia 6,86 na 9,18: namba yako iko kati ya hizo ao karibu nazo. Ule wa 9,18 ukikaa wazi unanyonya hewa na kushuka, kwa hiyo yeyusha, tumia, mwaga. Na kichwa cha kioo cha kalamu hakipendi kukauka, wala kulala ndani ya maji ya distile. Kinalala ndani ya maji ya chumvi ya potasiamu yenye kuuzwa kwa kazi hiyo.

Jicho nalo ni sehemu ya kipimo

Unaweza kuwa na dawa nzuri na ukasoma vibaya. Taa ya njano inageuza njano na kijani kuwa ndugu mapacha. Soma mchana, karibu na dirisha lakini si ndani ya jua, na karatasi nyeupe nyuma ya kichupa. Usitumie foto ya karatasi ya rangi yenye rafiki alikutumia kwa simu: kila skrini iko na rangi zake. Karatasi yenyewe usiiache juani, inafifia, na ikififia inasema uongo kwa upande wake.

Watu wengine, zaidi wanaume, hawatofautishe vizuri nyekundu na kijani, na wengi wao hawajui. Mwite mtoto ao mama wa nyumba asome pia, na usimwambie unatazamia namba gani. Ukisema « angalia, ni zero, si ndiyo? » atakujibu ndiyo, kwa heshima.

Maji ya kupima uyachote katikati ya akwariumu, mbele ya kulisha, suuza kichupa nayo mara mbili, na funga na kizibo chake, si na kidole: kidole kina jasho, na jasho lina amoniaki. Ukipima maji ya robine ao ya forage juu ya pH, yaache usiku mmoja ndani ya ndoo wazi, juu gazi yenye kutoka nayo ardhini inashusha namba kwa uongo. Na kama umetia dawa ya samaki yenye kupaka maji rangi ya bluu, hakuna kipimo cha rangi chenye kitakuambia kitu siku hizo. Badilisha maji na ungoje.

Andika kila kitu ndani ya kaye: siku, saa, namba, umeme ulikatika saa ngapi, samaki walikula namna gani. Kaye ndiyo itakuonyesha namba yenye haina akili. Samaki ishirini, hakuna majani, maji hayajabadilishwa majuma matatu, na nitrati ni zero? Hapana. Hiyo haiwezekani, na hauna haja ya kemia kuijua.

Mwenye feza kidogo anunue nini kwanza? Kwa samaki wa ziwa: amoniaki na KH. KH ikiwa imara, pH nayo haianguki hovyo. Nitriti inafuata kwa akwariumu mpya. Nitrati inaweza kungoja kama unabadilisha maji kila juma. Na wafugaji watatu wa mtaa mumoja wanaweza kununua boksi moja pamoja, ikae kwa mumoja mwenye chumba cha baridi, na imalizike mbele haijazeeka. Ni afazali kuliko boksi tatu za nusu zenye kuzeeka ndani ya nyumba tatu.

Yenye imekufa usiimwage ziwani ao ndani ya bustani, zaidi ile ya Nessler juu ya zebaki yake. Iweke imefungwa, mbali na watoto, mpaka upate mwalimu wa kemia ao mutu wa laboratwari mwenye anaweza kuipokea. Na zile chupa ndogo za matone zikiisha, zitoboe. Zinapendeza, na kuna mutu ndani ya nyumba ambaye ataona ni nzuri kwa kutilia dawa ya macho.